Kapeti la Maua Nililolificha Uvunguni

Mimi ndiye niliyemvunja nyonga baba mkwe wangu. Sikumsukuma wala sikumtegea kamba. Nilimtandikia kapeti. Jina langu sitalitaja, maana haya ninayowaambia ninyi mume wangu hajayasikia mpaka leo.

Naishi mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu. Chumba cha mbele ni duka langu la ushonaji, vyumba vya nyuma ndiyo nyumba. Mvua ya huku mnaijua. Mtu akifika mlangoni, nusu ya shamba lake analo kwenye viatu.

Tulipofungua duka, baba mkwe alikuja kutoka kijijini kwake Nkunga na zawadi. Alikuwa amekata tairi la lori vipande vyembamba, akavitoboa na kuvipanga kwa waya mpaka vikawa zulia la kufutia miguu. Matope yanadondokea katikati ya vipande, maji yanapita, na hata ng'ombe akilikanyaga halisogei. Lakini jamani, lilikuwa baya! Jeusi, na linanuka gereji.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla tukaona maduka yanajaa vitu. Watu wakawa wanavuka mpaka pale Kasumulu na kurudi na marobota. Ndipo nikaliona kapeti dogo la kijani, lina maua mekundu na neno la Kizungu la kumkaribisha mgeni. Chini yake laini kama mfuko wa plastiki.

Muuzaji alilikunja likaenea kiganjani. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Kitu cha kukanyagwa, kinakunjika kama leso, kitamshika nani? Sikushtuka. Nilijiona nimestaarabika. Zulia la tairi nikalitupa nyuma, kwenye banda la nguruwe.

Wiki ya kwanza tu mteja mmoja aliteleza, akadaka meza yangu ya kukatia vitambaa. Tukacheka.

Baba mkwe naye alipita akaliona. Hakuniambia mimi. Kwetu Wanyakyusa, kwa watu wa umri wake, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akija, mimi natokea mlango wa nyuma, na neno lake hunifikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Wengi wameiacha mila hiyo, sisi tuliishika kwa ajili yake.

Basi akamtuma mume wangu. "Mwambie mwenzio, kile kitambaa hakishiki sakafu. Na sakafu yenyewe mnaipaka rangi mpaka inang'aa. Ataanguka mtu."

Nikamjibu mume wangu, "Tata ni wa shambani, mambo ya duka atuachie sisi." Mimi na kiburi changu tukaendelea kushona.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mume wangu alikuwa kazini, kiwanda cha chai. Dirishani nikamwona baba mkwe anakuja, mkungu wa ndizi begani. Nikaacha cherehani, nikakimbilia jikoni kama ilivyo desturi. Nikasikia hodi, kisha kishindo.

"Mkamwana," aliita. "Mkamwana, nimeumia."

Tangu niolewe hakuwahi kuniita. Mzee mwenyewe alikuwa ameivunja mila, maana maumivu hayana mkwe. Na mimi nilijua kabisa kwamba mila ile haikuwekwa ili mtu aachwe chini akilia. Lakini nilibaki jikoni, nimeshika mwiko.

Nisiwadanganye. Haikuwa heshima. Niliogopa kuliona kapeti langu chini ya miguu yake.

Aliita mara tatu. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyesikia, akakusanya wenzake, wakambeba mbio hospitali. Hakuna aliyeangalia sakafu.

Walipoondoka ndipo nilipoingia. Kapeti lilikuwa limejikunja ukutani. Nikalisukuma uvunguni mwa kitanda. Nikaenda bandani kwa nguruwe, nikalitoa zulia la tairi, nikaliosha, nikalitandika mlangoni.

Mume wangu aliporudi alilitazama, akashika kichwa. "Kumbe ni haya matairi yake mwenyewe. Uliyarudisha lini?"

"Asubuhi, ulipokwenda kazini," nikasema. "Si alisema kapeti halifai?"

Hospitalini mzee alishikilia lake. "Sikukanyaga tairi mimi. Nilikanyaga kitu laini, kikakimbia." Wanawe wakatazamana. Wakasema mzee ameanza kupotewa. Kila alipolisema tena, walimwambia, "Sawa, Tata," kama mtu anayembembeleza mtoto. Hata kule kukaa kwangu jikoni kulisifiwa na shangazi mmoja, kwamba nililelewa vizuri kwetu.

Alirudi Nkunga na fimbo mbili. Migomba na chai yake vikaachiwa vibarua. Baadaye akaacha kabisa kusema habari ya kitu laini.

Miezi ikapita. Jumapili moja mume wangu akarudi kutoka kwao na mzigo mzito. Zulia jipya la tairi. Kingo zote zimechongwa kwa kisu, ncha za waya zimekunjiwa ndani. Na ujumbe.

"Mwambie mkamwana anisamehe. Lile la kwanza nililikata vibaya, lingeweza kumwangusha yeye. Hili nimelilainisha. Ndaga, asante sana."

Nililipeleka mlangoni, nikalitandika mahali pa lile la kwanza. Tuliidanganya akili ya yule mzee mpaka ikatuamini sisi ikajikana yenyewe.

Nikasema nitakwenda Nkunga, mila au si mila, nikamwambie. Nikangoja Krismasi ipite. Nikangoja mvua ipungue, kana kwamba mvua ya huku Rungwe huwa inapungua. Nikiwa bado nangoja, tukamzika. Msibani walisema alikuwa na mikono ya ufundi mpaka akili ilipomchoka. Nilikuwa nakuna nazi kwa ajili ya waombolezaji. Niliendelea kukuna.

Ninyi mnaonunua cha kutandika mlangoni, nyumbani au dukani, msinunue kwa macho. Kitandikeni kwenye sakafu yenye maji, mkikanyage kwa nguvu. Kikisogea, mwachieni muuzaji na maua yake. Kiwe kizito au kiwe na mpira chini, kipitishe maji, kingo zisiinuke. Na mtu akianguka mlangoni kwako, mkimbilie. Aibu utaionea baadaye.

Zulia la mzee liko mlangoni hadi sasa, halijasogea hata kidogo. Wateja huuliza nani fundi wake. Nasema ni baba mkwe, nami nataka kuendelea, lakini wananipa vitambaa vyao, naanza kupima.

Leo nimelitoa lile kapeti uvunguni. Nimelitandaza juu ya meza ya kukatia, maua juu, vumbi na vyote. Mume wangu anatoka kiwandani saa kumi.