Fagio za Mwalimu Restituta

Mwalimu Restituta alikuja kwetu mwaka tisini na sita, kutoka Bukoba, kusomesha Kiingereza kwenye skuli ya binafsi ya Wattaya, hapa Maskati. Mie Nasriya ndiye karani wa skuli, na wallahi sijapata kuona mtu mnyoofu kama yule. Joto la Septemba, yeye kavaa soksi! Ukimwambia kaa kitako unywe kahawa, anatazama saa. Mkataba wake ulikuwa wa majaribio, miezi mitatu. Usipotiwa saini, anarudi kwao, na mwenyewe Bukoba nzima kashaiaga kwa vishindo.

Wiki ya mwisho ya majaribio akafanya yake. Alinunua fagio sokoni Ruwi, akawapanga zamu watoto wa darasa la tatu, wakafagia darasa. Kwao ndivyo asubuhi ya skuli inavyoanza, mtoto wa mkubwa na wa mdogo sawasawa. Kwetu huku mfagiaji kaajiriwa. Loh! Watoto hawajapata kushika ufagio, wengine wameushika kichwa chini miguu juu, vumbi limepanda mpaka ubaoni. Walifurahi kuliko siku ya Idi.

Kesho yake saa mbili asubuhi, huyo, Kheiria, mamake Buthaina wa darasa hilo la tatu, abaya inaburura, bangili zinalia. Kamshika mkono binti yake, kasimama mbele ya mudira, mkuu wetu wa skuli, anashusha Kiarabu kitupu: mwanawe si mtumishi, mwalimu huyu afukuzwe leo leo. Mudira, mkataba wa Restituta uko mbele yake, kalamu keshaiweka chini. Restituta machozi yanamlengalenga, ananiuliza, "Dada Nasriya, anasemaje?"

Khasira zikanipanda. Kheiria nnamjua tangu Unguja, tulisoma darasa moja. Sikufasiri hata neno. Nikamwambia kwa Kiswahili, makusudi, kila mtu asikie:

"Shoga yangu, zamu yetu ya Jumatano umeisahau? Tena ulikuwa hufagii wewe! Taka unazisukuma chini ya dawati langu, nachapwa mie!"

Mudira, mtu wa Pemba, akajitia anakohoa. Buthaina akainua uso.

"Mama, kwani wewe ulikuwa mtumishi?"

Kheiria alinitupia jicho hilo, nikasema leo nnaliwa mzima. Kisha akamtazama mwanawe, sauti ikamshuka, Kiarabu chote kikamwisha, akajibu kwa Kiswahili.

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa mwanafunzi."

Mudira akachukua kalamu, akatia saini.