Kurasa Kumi na Moja Kabla ya Mgao

Salvina alijifunza kuchapa kwa taipureta mwaka 1974, na tabia moja ya kazi ile hakuiacha: karatasi haitoki kwenye mashine mpaka imekwisha. Alipopunguzwa kazini alinunua kompyuta iliyotumika, akafungua chumba cha kuchapa pale Himo, karibu na kituo cha magari ya Marangu. Huko nako aliandika mpaka mwisho, ndipo akahifadhi.

Mwaka 2006, siku ya Jumatano, baba yake mkubwa, mzee Ildefonce, alikaa kwenye kiti cha wateja toka asubuhi hadi jioni akimtajia mabinti wa ukoo walioolewa mbali. Kitabu cha ukoo kilikuwa na wanaume tu, na kilipaswa kuwa tayari kabla ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani. Majina hayo aliyajua yeye peke yake. Jioni alisema atamalizia kesho. Salvina akaiacha kompyuta ikiwaka usiku kucha, kama ambavyo angeacha karatasi kwenye taipureta.

Alfajiri mzee akapatwa na kiharusi. Aikande, binti yake wa mwisho, alikuja dukani saa nne, kanga begani.

"Dada, baba yuko hospitali. Hasemi."

Salvina alikaa, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kompyuta ikakataa: diski imejaa. Akajaribu kuchapisha kwenye karatasi, ikakataa vilevile. Tundu la disketi lilikuwa limekufa tangu masika, kwa unyevu. Kurasa kumi na moja zilikuwa pale kwenye kioo na si mahali pengine popote, na Alhamisi umeme hukatwa kwa mgao saa sita mchana.

Aikande alishika kalamu aanze kunakili. Kwa nusu saa alimaliza ukurasa mmoja na nusu, na mwandiko wake wenyewe ulimshinda kusoma.

Salvina akampigia Amandeep, fundi Msikh wa kompyuta mjini Moshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mashine imejaa, na sijahifadhi."

"Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Mama Salvina! Mimi kilemba hiki nakifunga kila siku, mita tano, sichoki. Wewe kitufe kimoja kimekushinda?"

"Utanicheka baadaye. Saa sita umeme unakatika."

Amandeep akaacha utani. Marekebisho ya programu aliyomwekea mwezi uliopita, alisema, yaliacha mafaili ya zamani ili waweze kurudi nyuma kama yangeleta matatizo. Hayakuleta, kwa hiyo mafaili hayo yanaweza kuondoka. Akamwelekeza namna ya kuonyesha folda zilizofichwa ambamo yalikaa. Zikatokea, majina yake ya buluu, yakianza na alama ya dola.

"Futa zenye neno Uninstall tu. Kuna moja ina alama ya dola lakini neno hilo haina. Hiyo usiiguse. Na hati yako usiifunge. Ukishafuta, kumbuka—"

Vocha ikaisha, simu ikakatika.

Salvina alivuta daftari, akaandika kila jina kabla ya kuligusa. Kumi na tisa. Akazifuta. Akabonyeza kuhifadhi.

Diski imejaa.

"Sasa umefuta nini?" Aikande aliuliza.

"Sijui."

Ilibaki robo saa. Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na picha ya kapu la taka, na kapu lilikuwa limejaa. Salvina akalitazama. Alivyotupa bado vilikuwa ndani ya nyumba. Akalifungua, akahesabu kwa ncha ya kalamu: ishirini. Akahesabu tena. Daftari lilisema kumi na tisa. Ile moja aliyokatazwa ilikuwa humo. Kidole kilikuwa kimeiburuta pamoja na nyingine. Akairudisha mahali pake, akalinganisha zilizobaki na daftari, jina kwa jina.

Kompyuta ikauliza kama ana uhakika wa kumwaga kapu.

"Bonyeza, dada."

"Nikikosea haitaamka tena."

"Na usipobonyeza, saa sita italala yenyewe."

Akabonyeza. Akahifadhi. Kitaa chekundu cha diski kikapepesa, kikapepesa, na kabla hakijatulia umeme ukakatika, dakika nne kabla ya saa yake.

Walikaa humo mchana kutwa, mlango wazi. Hawakujua kama hati ilihifadhika.

Saa kumi na mbili jioni taa ziliwaka. Kompyuta ilikaa nyeusi muda mrefu hata Aikande akageukia ukuta. Kisha ikaamka. Salvina akafungua hati, akashuka hadi ukurasa wa kumi na moja. Mstari wa mwisho ulisema: Elinipendo, akaolewa. Hapo ndipo mzee alipoishia.

Alizichapisha, na hospitalini alimsomea kurasa zote. Mzee alimsikiliza, macho wazi, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya mkono wa Aikande.

"Elinipendo akaolewa wapi, baba?"

Aikande akainama karibu na sikio la baba yake.

"Tarakea?" Aikande aliuliza. "Kibosho? Machame?" Mkono haukujibu. "Au kule Mkuu?"

Vidole vikabana.

Salvina akaandika Mkuu kwa kalamu, pale pale kitandani, bila kusubiri kufika dukani.