Picha ya Sebuleni kwa Mama

Tungepiga picha uani, kazi ingekuwa rahisi. Lakini uani kwetu Sikuda, upande wa Uganda, ndiko liliko kaburi la baba, na kaka yangu mkubwa alikuwa ameapa kwamba hatasimama mbele yake. Baba alizikwa yeye akiwa bado njiani kutoka upande wa Kenya. Ndugu yangu mdogo hakumngoja mtoto wa kwanza atupe udongo. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Sasa mama, ambaye miguu haimpeleki popote, alitaka picha moja ya ukutani akiwa na wanawe wa kiume wote wawili. Ya filamu, maana za simu, anasema, hupotea pamoja na simu zenyewe.

Basi ikawa sebuleni, na mpiga picha ni mimi, binti yake. Dirisha moja, pembe zote giza, na kwenye filamu ilibaki nafasi ya picha moja tu.

Flashi ikipiga kwa nguvu zote, nyuso huwa nyeupe kama zimepakwa unga na ukuta wa nyuma hupotea, hujui hata ni nyumba ya nani. Nikaipunguza, nikaifunika kwa hankachifu nyeupe, ijazie vivuli tu. Mwanga wa dirisha ndio ungefanya kazi, kwa hiyo jicho la kamera ilibidi likae wazi kwa muda mrefu kidogo.

"Atakayetikisika ataharibu," nikawaonya.

Mama alikaa kitini, wao wakasimama nyuma yake. Katikati yao ng'ombe angepita.

"Sogeeni!"

"Dada, piga hiyo picha niende," mkubwa akasema.

"Huyu nakuja kama mgeni, nakwenda kama mgeni," mdogo akajibu, akimsema kaka yake huku akiniangalia mimi.

"Nyamazeni wote!" Nilifoka hadi mama akashtuka. Niliwachukia wote wawili dakika ile. Nikabonyeza. Kamera yangu ikipiga, kijidirisha cha kutazamia huwa giza, kwa hiyo sikuona kitu. Kaka mkubwa akaondoka bila kugusa chai.

Picha iliporudi kutoka kusafishwa Kampala, nyuso zilikuwa safi, hata pazia lilionekana. Ila mkono wa kaka mkubwa ulikuwa ukungu mtupu, umetoka ubavuni kuelekea bega la mdogo wake, ukaishia njiani.

"Ametikisika, mpumbavu huyu!" nikasema. "Nitapiga nyingine."

"Usipige ingine," mama akasema. "Huoni mkono nakwenda wapi?"

Ndugu yangu mdogo aliichukua, akaisogeza dirishani, akaishika muda mrefu.

"Namba yake mimi nilifuta," akasema. "Wewe bado unayo?"