Beki wa Mbeya

Jina lake sitalitaja. Lilitajwa vya kutosha miaka ile. Redio ilikuwa moja nchi nzima, na haikuchoka kulitaja. Langu nalo nitaliacha, maana halijazoea kutajwa, linaweza kushtuka.

Yeye alikuwa winga wa kushoto, mimi beki wa kulia. Kwa asiyejua mpira, maana yake ni kwamba kazi yangu ilikuwa kumzuia yeye, tangu tukiwa watoto wa shule ya msingi kule Iringa, tukicheza mpira wa matambara kwenye kiwanja chenye mteremko. Nyumba zetu zilitazamana. Asubuhi za mwezi wa sita, umande ukiwa umeganda majanini, tulikimbia pamoja shuleni bila viatu, na jioni nilimkaba mpaka mama zetu watuite. Alikuwa na chenga moja tu. Anainamisha bega la kulia, unadhani anaingia ndani, kumbe anapita nje kwenye mstari. Wengine wote waliingia mkenge. Mimi sikumtazama bega, nilimtazama goti. Katika mara kumi alinipita mbili, na hizo mbili niliteleza.

Ukubwani tulipata kazi Mbeya, mimi kwenye ghala la mbegu Uyole, yeye utingo wa lori. Tukapanga chumba kimoja Ilomba, na wote wawili tukachezea timu ya mkoa. Ndipo timu moja kubwa ya Dar es Salaam ilipokuja kucheza mechi ya kirafiki. Walitufunga mawili kwa moja. Hilo moja alilifunga yeye, na wiki mbili baadaye walimwita Dar, wakampa kazi ya kugawa barua ofisini na jezi yenye namba mgongoni. Aliondoka na sanduku langu la bati. Aliliazima kwangu, na mpaka leo halijarudi.

Miezi haikupita mingi, redio ikaanza. Ile chenga niliyoizima mara mia kule Iringa sasa ikawa ‘ya ajabu’. Mtangazaji aliipigia kelele kana kwamba imezuliwa Dar, Jumapili iliyopita. Kabla ya mwaka kwisha akaingia timu ya Taifa. Miguu ilikuwa ile ile, bega lile lile. Kilichobadilika ni anwani.

Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hao hawakuwahi kucheza mpira Mbeya. Watangazaji walikaa Dar. Magazeti yalichapwa Dar na kutufikia kwa basi siku ya tatu, yakiwa na mikunjo ya watu waliokwisha kuyasoma njiani. Wateuzi wa timu ya Taifa walinywa chai Dar, wakachagua majina waliyoyasikia, na majina waliyoyasikia yalikuwa ya watu waliopita mbele yao. Golikipa wetu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya mpunga ya Ubaruku, mwenye viganja kama nyungo. Nani alimjua? Walimjua washambuliaji waliokosa magoli, basi.

Nasema haya kwa utulivu sasa. Wakati ule nilikuwa na kijicho, tena kijicho cha kukosesha usingizi. Nilikuwa nikisikia kwamba timu yake imefungwa, chakula kinashuka vizuri.

Ningeweza hata kuvumilia, kama si mama. Mama yangu alikuwa mjane, alibaki Iringa katika nyumba ile ile. Baba wa mwenzangu alikuwa ametumiwa redio na mwanawe, akaiweka dirishani ikiutazama mtaa, na mama akawa anaisikiliza akiwa uani kwake, apende asipende. Kila nilipokwenda kumsalimia, baada ya kamwene, salamu yetu ya Iringa, na habari za shamba, swali lilikuwa moja.

“Mwenzio anatajwa kila siku. Wewe ati unacheza mpira huko Mbeya. Mbona hatukusikii?”

“Nacheza, mama.”

“Siku wakikutaja nitajua unacheza kweli.”

Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno yale niliyabeba kwenye basi mpaka Mbeya, nikayabeba mazoezini. Sikutaka timu ya Taifa tena, wala kazi Dar. Nilitaka mama asikie jina langu mara moja tu, kupitia dirisha lile.

Basi ile timu ya Dar ikaja tena Mbeya, naye ndani yake, na safari hii mechi ilitangazwa moja kwa moja. Nilimwandikia mama akae karibu na dirisha. Sijawahi kucheza vile, kabla wala baada. Alipoinamisha bega nilikuwa nimeshafika kwenye mstari namngoja. Alihamia kulia, nikaomba ruhusa kwa nahodha nikamfuata huko huko. Dakika tisini hakupiga hata shuti moja langoni. Tukatoka sare bila bao, na watu wa Mbeya wakanibeba mabegani.

Yeye mwenyewe alinifuata, akanikumbatia mbele ya wote. “Kaka, umenimaliza. Nikifika Dar nitawaambia.”

“Sihitaji wa kuniombea,” nikamjibu. Akacheka, akidhani ni utani wetu wa zamani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Iringa. Nilishuka stendi nikatembea kifua mbele. Mama alikuwa anachambua mboga.

“Nilisikiliza mpaka mwisho,” akasema. “Hawakukutaja. Ulikaa benchi?”

“Mama, si walisema beki wa Mbeya?”

“Walisema sana. Beki wa Mbeya, beki wa Mbeya.”

“Ndiye mimi.”

Alinitazama kwa huruma. “Mbeya nzima ina beki mmoja?”

Ng'ambo ya njia, baba wa mwenzangu akanipa pole ya kutotajwa, bila kuombwa. Redio ilieleza kwamba mwanawe hakung'ara kwa sababu ya baridi ya Mbeya. Baridi! Mtoto aliyekanyaga umande wa Iringa kwa nyayo tupu miaka saba! Ndiyo hivyo, akipenda, chongo huita kengeza. Ningemzuia kwa kamba wangesema uwanja ulikuwa mbovu.

Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria. Nilikuwa na redio yangu ndogo pale Ilomba, na kila jina lake lilipotajwa niliizima. Nilikuwa nimeshaoa, na mke wangu alizoea. Alikuwa akisikia kimya ghafla, anajua ni nani.

Mwaka uliofuata mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, mama akaja Mbeya kulea uzazi. Jumapili moja alasiri tulikaa nje, yeye anapukuchua maharage, mtoto amelala, redio iko kwenye kigoda katikati yetu. Kikaja kipindi cha michezo. Mtangazaji akasema leo tunaye studio mchezaji mashuhuri, akalitaja jina, nikasikia sauti ile akianza kueleza alivyokulia Iringa.

Mama aliacha maharage. “Eh! Huyu si mtoto wa jirani? Ongeza sauti, tumsikie.”

Nikazima.

“Betri zimekwisha,” nikasema. Ili uongo ukamilike nilizitoa, nikazipanga dirishani zipate jua, kama tulivyofanya zikichoka. Zilikuwa na siku tatu tangu nizinunue. Mama alizitazama, akanitazama, akarudi kwenye maharage yake.

Jumatatu nilipofika Uyole, mlinzi wa getini alinipigia saluti. “Ndugu beki! Jana tumekusikia!”

Nikadhani ananidhihaki, nikapita zangu. Ghalani wapakiaji wakanipigia makofi, nikawauliza kama wana wazimu. Mwishowe bwana ghala, mtu mzima asiyetania, akanivuta pembeni.

“Ina maana hukusikiliza?”

Akanieleza. Mtangazaji alimwuliza mwenzangu ni beki gani amemsumbua kuliko wote, ndani na nje ya nchi. Alitaja jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu. Mtangazaji hakulijua, akamwomba arudie, akarudia polepole. Akasema huyo anakaa Ilomba, Mbeya, amezaliwa Iringa, na kwamba kama Dar wangemchukua beki wakamwacha winga, leo yeye ndiye angekuwa anapakia mizigo kwenye lori, asijulikane.

“Tulinyamaza wote nyumbani,” bwana ghala akasema. “Hata watoto.”

Nchi nzima ilikuwa imelisikia jina langu mara mbili. Nyumba isiyosikia ilikuwa moja, na ndimo alimokaa mama yangu.

Nilirudi jioni nikiburura miguu. Wanawake wa Ilomba walikuwa wamekwisha kupita na pongezi zao. Mama alikuwa amembeba mtoto, na zile betri bado ziko dirishani.

“Wamekutaja,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Zilikuwa nzima, si ndiyo?”

Nilizichukua, nikazirudisha redioni. Naye hakuuliza tena, si siku ile, si siku aliyopanda basi kurudi Iringa, wala siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Tulipomzika, baba wa mwenzangu alikuja kukaa karibu nami kwenye mkeka. Alikuwa amezeeka, haoni vizuri. Aliniambia kwamba mama hakuwa mtu wa kujisifu, ila habari moja aliirudia kila mwaka, kwake na kwa mtaa mzima: ile Jumapili alipokuwa Mbeya, walipolitaja jina langu redioni, mara ya kwanza na mara ya pili, naye akasikia neno kwa neno. Alisema nilikuwa nimekaa hapo hapo kando yake. Alisema mimi ndiye niliyeongeza sauti.