Unga wa Getini

Mwaka wa corona mimi nilinenepa. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kutubu, maana sikuiba chakula cha mtu. Nilinenepa kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuwapelekea watu chakula, na watu wale hawakukubali niondoke kwao kabla sijakila.

Shule yetu ilikuwa ya binafsi, ndogo, ya mabati, kando ya barabara upande wa Kiminini, si mbali na Kitale. Wazazi wa wanafunzi wetu walikuwa vibarua wa mashamba, wauza mboga na watu wa bodaboda. Serikali ilipofunga shule, stoo yetu ilikuwa na mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana. Mwalimu mkuu, mwanamume mpole kiasi cha kukasirisha, akasema mahindi yale yalinunuliwa yaliwe na watoto na yataliwa na watoto, wawe shuleni, wawe kwao. Tukayasaga, tukatia unga kwenye mifuko, tukaongeza vipande vya sabuni tulivyopewa na Mhindi wa duka la vitabu mjini Kitale, ambaye hata hatukumwomba. Tulitaka wazazi waje wenyewe kuchukua, lakini naibu wa chifu akatuonya kuhusu mikusanyiko. Basi tukagawana vijiji, kila mwalimu na nyumba zake. Mishahara yetu wenyewe ilikuwa imesimama, lakini hayo ni mengine.

Kati ya nyumba zangu, iliyonikosesha raha ni moja ya msichana wa darasa la nane. Nilimfundisha Kiswahili na hesabu. Alikuwa mtoto wa kurudisha karatasi ya mtihani mezani kwangu na kuniambia, "Mwalimu, hapa umenionea," kisha ananionyesha alama niliyomnyima, na mara nyingi alikuwa na haki, jambo lililonikera kweli kweli. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba angepita na kuitwa shule nzuri ya sekondari. Hofu yangu ilikuwa asichukuliwe na njaa kabla ya siku ya mtihani. Wasichana wa rika lake walikuwa wameanza kupotea kijijini, huyu kaenda kwa shangazi, yule kaolewa, na msichana akishaondoka hivyo, darasani harudi hata mfungue shule kwa matarumbeta. Unga niliombebea ulikuwa wa kumfanya abaki kwao, basi.

Mama yake aliuza mandazi steji ya Kiminini, pale magari ya abiria yanaposimama. Baba alikuwa utingo wa malori ya Malaba, mpakani na Uganda, na mpaka huo ulipoanza kubana madereva kwa sababu ya corona, simu yake ilinyamaza, na pesa zake zikanyamaza pia.

Siku ya kwanza nilifika na mfuko wangu, nikasema nina haraka. Mama akanikaribisha, "Ingia, mwarimu," maana kwetu l na r hupishana bila kuombana radhi, akanipa kiti, akamkabidhi binti mfuko. Haukupita muda nikasikia kuku akipiga kelele nyuma ya jikoni. Alikuwa kuku wa kutaga, na nilijua hapo nyumbani hakuna mwingine. Nikainuka, nikasema wasisumbuke, nimekula. Mama akacheka tu. Akaniuliza, je, nataka kijiji kiseme nilitoka kwake na njaa?

Basi nililetewa ugali wa unga uleule niliokuwa nimeubeba begani, na juu ya sahani mimi mwanamke nikawekewa firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume mwenye boma. Watoto waliambiwa wakae nje. Niliwasikia wakinyamaza, na kunyamaza kwa watoto wenye njaa kunasikika. Ningekataa chakula kile, ningekuwa nimemwambia mama yule kwamba ni maskini, au kwamba namshuku kwa sumu na mambo mengine ambayo watu hawayataji mezani. Nilikula, nikasifu mchuzi, nikaomba maji ya kunawa. Njiani nilijichukia.

Nyumba nyingine zote zilikuwa vilevile. Nyingine yai, nyingine dagaa wa omena, nyingine chai ya maziwa yaliyoazimwa kwa jirani kwa ajili yangu. Walimu tulipokutana ofisini tulikuwa tukishika matumbo na kucheka. Mwalimu wa darasa la pili akasema akiendelea hivi itabidi ashonewe sketi mpya. Mwalimu mkuu hakucheka. Alituuliza kuku wangapi wamebaki katika kijiji cha kila mmoja wetu.

Wiki iliyofuata akatoa amri. Mwalimu yeyote asiingie nyumba ya mzazi. Mfuko uwekwe getini, mwalimu aite, arudi nyuma hadi barabarani, na mzazi akishachukua, mwalimu aende zake. Alisema amri hiyo ni ya kuzuia corona na pia ya kuokoa kuku. Niliiunga mkono kwa moyo wote, na hata leo nikiigeuzageuza sioni mahali alipokosea.

Nikaenda kwa yule mama nikiwa na barakoa na glavu. Nikaweka mfuko chini ya kigeti chake cha mbao, nikaita, nikarudi nyuma. Akatoka akipangusa mikono kwenye leso. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi niliyesimama ng'ambo ya barabara, akaniuliza kwani kwake kumekuwa nini. Nikamweleza kwa sauti, maana nilikuwa mbali, kwamba ni amri ya shule kwa ajili ya corona. Alilirudia neno hilo polepole. Jirani yake, aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua, aliacha kuanika.

Msomaji aliyesahau nyakati zile nimkumbushe. Nyumba yenye corona ilikuwa haiingiwi. Chakula cha watu wake kiliachwa nje, na aliyekileta alivaa glavu na kusimama mbali. Kila mtu alikuwa amelisikia hilo redioni, na madereva wa Malaba ndio waliokuwa wakitajwa kila jioni kwamba wameleta ugonjwa. Kwa hiyo kijiji kilituona, kikatuelewa vizuri kabisa. Kufika siku ya soko hadithi ilikuwa imekamilika: bwana ametoroka Malaba, ameingia nyumbani kwa kujificha, ameambukiza wote, na mimi nimetumwa na serikali kuwalisha mpaka wafe au wapone.

Watu wakaacha kununua mandazi yake. Hawakumtukana. Walimsalimia kwa kupunga mkono kutoka mbali, kisha wakanunua kwa mwingine. Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyemwambia waziwazi, "Mama, si ukae tu kwako, bana. Ati unataka kutumaliza sisi wote?"

Niliposikia hayo nilikwenda steji mwenyewe. Nikanunua mandazi, nikavua barakoa, nikayala nimesimama katikati ya watu, huku nikiwaita wajinga kwa majina ya madarasa waliyoishia. Sina subira na ujinga, sijawahi kuwa nayo. Wakacheka, wakasogea nyuma hatua kadhaa, na mmoja akasema sasa hata mwalimu amepata. Mama yule alikuwa ameketi nyuma ya beseni lake, ameinamisha kichwa. Nadhani nilimwongezea aibu.

Mwalimu mkuu alipopata habari alisema tuivunje amri kwa nyumba ile. Niende, niingie, niketi mlangoni waziwazi, nile chochote nitakachopewa, kijiji kizima kione. Nilikwenda na mfuko mkubwa kuliko wa kawaida. Mama alinikuta getini na hakufungua.

"Rudi na unga wako, mwarimu," aliniambia. "Ulipokuwa unakula kwangu nilikuwa mtu. Saa hii mimi ni ugonjwa."

Nilimsihi. Nilimwambia yote, amri ya shule, kuku wake, hesabu tuliyokuwa tukiifanya kwa nia njema. Akanijibu kwamba kuku alikuwa wake na hakuna aliyemlazimisha kumchinja. Nikamtaja binti, nikasema asimwache aondoke, mtihani utafika tu. Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kitabu mkononi, kidole kati ya kurasa, akitusikiliza. Nilirudi na mfuko nilivyokwenda nao.

Haukuisha mwezi, nyumba ile ikafungwa kwa kufuli. Jirani wa nguo ndiye aliyeniambia kwamba wamekwenda Bokoli, upande wa Bungoma, kwa wazazi wa mama, na alinieleza kwa huruma, kana kwamba yeye hakuhusika.

Mwezi wa Oktoba serikali ikaita madarasa ya mtihani yarudi. Niseme mapema, ili asiwepo mtu anayesoma hapa akitumaini: kiti chake kilibaki kitupu mpaka mwisho. Lakini wakati huo mimi nilikuwa bado natumaini. Alikuwa ameshasajiliwa, jina lake lilikuwa limekwishapelekwa, kilichohitajika ni aje aketi. Mwalimu mkuu akanipa nauli, nikaenda Bokoli.

Nilimkuta mama akipukuchua mahindi ya watu kwa kibarua, vumbi la magunzi limemjaa nyusi. Hakuwa na hasira nami tena, na hilo lilinitisha zaidi kuliko hasira. Aliniambia binti yuko Bungoma mjini, kwa watu wazuri, analea mtoto, na anachotuma ndicho wadogo zake wanachokula. Nikamweleza habari za mtihani. Akasema hatamkataza. Akanielekeza nyumba, akaniambia nikamuulize mwenyewe, kisha akainamia mahindi yake.

Ilikuwa nyumba ya mawe yenye geti la chuma, nyuma ya soko. Binti alitoka na mtoto mgongoni. Alikuwa amerefuka. Aliponiona alifurahi, hilo nililiona na hakuna atakayeninyang'anya, kisha akatazama nyuma yake haraka na furaha ikaisha. Tulizungumza kupitia nafasi ya geti, kwa sauti ya chini.

Nilimwambia shule imefunguliwa na kiti chake kipo. Akasema anajua. Mwajiri wake ni mwalimu wa serikali, wa wale ambao mshahara wao haukukatika, naye ameitwa kurudi kufundisha darasa la nane, ndiyo sababu alihitaji mtu wa kubaki na mtoto. Jioni husahihisha mazoezi ya wanafunzi wake mezani, na binti akipangusa meza huyasoma. Alisema amemkuta amekosea mara mbili kwenye hesabu, akanyamaza. Kwa mara ya kwanza hakumwonyesha mwalimu mahali alipokosea.

Nikamwambia tuingie tuzungumze na huyo mwalimu, mwenzangu kabisa, ataelewa.

"Nimemwambia niko na miaka kumi na nane," alisema. "Akijua mimi ni wa darasa la nane ataniondoa leo leo. Na wale watoto wa mama watakula nini?"

Nikasema shule itawapelekea unga. Nilisikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu na nikatamani kuyameza. Alinitazama bila ubaya wowote.

"Mwalimu, tafadhali. Msitusaidie tena."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu, nimekuwa na majibu maisha yangu yote, na nilikuwa nikilitafuta lile la kumtoa pale nyuma ya geti na kumrudisha Kiminini jioni ileile. Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani ni nani huyo anayeongea naye.

"Si mtu, madam," alijibu. "Ni mama amepotea tu, anauliza njia ya steji."

Kisha akanyoosha mkono juu ya geti, akanielekeza kwa sauti ya kusikika, nipite hapo sokoni, nikate kushoto, nitaona magari. Mwajiri wake alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. Nikamwambia asante, binti yangu, kama unavyomwambia mtoto usiyemjua, nikapita sokoni na kukata kushoto.