Shina Lisilo na Debe

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipopanda mlima wa Runingu kuitazama mizinga yangu nikaukuta mmoja chini, umepasuka, masega yametawanyika kwenye majani. Ilikuwa kazi ya nyegere, yule mnyama mfupi mwenye mgongo mweupe ambaye nyuki wakimuuma ni kama wanamkuna. Marehemu mume wangu aliichonga mizinga ile miwili kwa mkono wake, mwaka uleule alioniacha. Sasa nilibaki na mmoja. Nililia, wala sikujificha.

Tulikuwa na umoja wetu wa nyuki. Kila nyumba na mizinga yake, lakini mlima mmoja, na asali tuliikamua pamoja. Wenzangu walikuwa wameshuka sokoni Kimanga kununua madebe matupu ya mafuta, wakayapasua na kuyazungushia mashina ya miti yao. Kucha za nyegere huteleza kwenye bati, hapandi. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, sikushuka. Wao hawakuniuliza, nami sikuomba. Kiburi cha mjane, mwanangu, ni kizito kuliko debe la maji kichwani.

Nilishuka mlimani naapa kwamba nitatafuta sumu. Njiani nikakutana na Mzee Kashindi, mkubwa wa umoja wetu, naye akanisikiliza mpaka nikachoka.

“Sumu haina macho, mama,” akasema. “Itaua mbwa ya jirani, kesho itaua mutoto. Ile nyama, ile nyegere, iko na njaa tu. Siye tulifunga miti yetu, ikaona ya kwako iko wazi. Weye ungefanya nini?”

Sumu nikaiacha. Siku ileile alipanda na nyundo yake. Akang'oa debe kwenye mti wake mwenyewe, akalipigilia kwenye wangu. Vijana waliokuwa pale wakacheka, wakamuuliza mzinga wake utalindwa na nani.

“Minye niko na meno ngapi?” akawajibu. “Asali ya nini?”

Haikupita hata wiki, mzinga wake ukawa chini. Nilimkuta amechuchumaa, analamba kipande cha sega kilichosalia.

“Imeniachia kidogo,” akasema. “Iko na adabu kushinda batu wengine.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Mimi niliona haya, na nilimpenda mzee yule kama baba aliyenizaa. Jumapili, baada ya ibada, vijana walewale wakapanda na madebe mabegani. Hakuna shina lililobaki uchi, na la mzee lilivikwa mawili. Nyegere akarudi kuchimba mabuu yake huko mabondeni. Naye ana watoto, mwache.

Nakuambia haya kwa sababu jana nilikuona unapigilia bati jipya kwenye miti yako, unapiga mluzi. Sikukatazi, kinga ni bora kuliko tiba. Lakini adui unayemfukuza mlangoni kwako hafi kwa kufukuzwa. Huenda kwa yule asiye na mlango. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mimi naongeza: ukishatia zako, mchotee na jirani. Usingoje akuombe, maana wengine tumeumbwa na vinywa vigumu. Kabla ya kupiga msumari wa mwisho, tembea mpaka mti wa mwisho wa mlima ule, utazame ni shina la nani liko uchi.

Debe la mzee bado liko kwenye mti wangu. Limeshika kutu, na sitaki mtu alibadilishe.

Haya, nenda. Mungu akujalie maua ya karibu na nyuki wasiohama. Na siku utakayoshindwa kushuka Kimanga, akupe jirani mwenye nyundo.