Kikofia cha bastola ya klabu kinalegea, nyumbani naambiwa nimeingia genge

Wakuu, heshima kwenu wote mlionitangulia kuzaliwa, yaani karibu jukwaa zima. Nina miaka kumi na sita na hili sijalitia chumvi hata punje. Nikiongopa, simu yangu idumbukie relini pale Hjulsta treni ikiwa inaingia.

Naandika nikiwa na hasira. Nimezaliwa Bukavu nikakulia Stockholm, kwa hiyo Kiswahili changu kina viraka, mnivumilie.

Iko hivi.

Mimi napiga shabaha kwenye klabu, kundi la vijana. Ni sport halali kabisa. Tunatoboa makaratasi, mwalimu kasimama nyuma yako, bastola ni mali ya klabu na inalala kwenye sefu ya klabu. Haiendi nyumbani kwa mtu. Hilo mlishike, mtalihitaji.

Bastola ninayopewa, .22 moja kuukuu, ina nyuzi kwenye ncha ya mtutu. Ile mistari ya kuzunguka kama kwenye mdomo wa chupa ya soda. Juu yake kinafungwa kikofia cha chuma chenye tundu katikati, kazi yake kulinda hizo nyuzi zisigongwe.

(Ndiyo, huu ni uzi kuhusu nyuzi. Mods msiuunganishe na mwingine.)

Sasa hicho kikofia kina kichaa. Unakikaza vizuri, unapiga magazini moja au mbili, ule mshtuko unakizungusha kidogo kidogo, ukikishika kinacheza kama jino la utotoni.

Siku moja kikadondoka katikati ya mazoezi, kikabingirika sakafuni watu wote wakikitazama.

Kosa la nani? Langu.

Wenzangu wanatumia bastola hiyohiyo. Kwao "kimelegea". Kwangu "hukukaza". Nyie semeni wenyewe.

Mwalimu wetu ni mzee wa Kiswidi, masikio yamechoka na milio ya miaka mingi. Akaniambia kikikaa upande, risasi inaweza kukigusa. Kwa hiyo nisipopata dawa narudi kwenye bastola ya upepo na watoto, na mashindano ya Jumamosi niyasahau. Usalama sibishi. Lakini bastola ni ya klabu, mbona dawa niitafute mimi?

Nikaingia mtandaoni. Mmoja anashauri super glue. Huyo sijui anafuga nini kichwani, maana siku ya kukitoa mtatumia msumeno. Mwingine kaza na plaizi. Ukwaruze chuma cha watu.

Hatimaye nikapata ya maana: futa mafuta yote kwenye nyuzi, vika raba nyembamba ya duara nyuma ya kikofia, kama zile za bomba la maji, kisha kaza kwa vidole. Raba inabanwa, nayo inasukuma, nyuzi zinang'ang'aniana.

Nikampigia simu mwenzangu wa klabu kumpa habari njema. Nikiwa jikoni. Mama anakaanga maandazi.

Hapa nisimame kidogo. Kwa Kiswidi nyuzi za skrubu ni gänga. Genge la wahuni ni gäng. Kikofia chenyewe kinaitwa gängskydd, na skydd ni ulinzi.

Mama alichosikia: bastola, ulinzi wa genge, lazima tumalize kabla ya Jumamosi.

Akazima jiko.

"Uko mu gäng tangu wakati gani?"

"Mama, ni gänga."

"Njo ile nasikia." (Hiyo "njo" ya Bukavu ndiyo "ndiyo" yenu.)

Mjomba wangu, tunamwita Tonton, akapigiwa simu. Akatoka Norsborg, ncha nyingine kabisa ya jiji, na hakuja peke yake, njiani kampitia Pasteur, mchungaji wa kanisa letu. Tonton akataka kujua mkubwa wetu ni nani. Nikacheka. Wakuu, kuna saa za kucheka, ile haikuwa mojawapo.

Nikachukua chupa ya Fanta, nikafungua kifuniko, nikafunga, nikafungua, nikieleza. Pasteur akatazama weee, kisha akasema shetani naye huanza na vitu vidogo.

Nikapigwa marufuku kwenda klabu hapohapo, raba ikabidi aivike mwenzangu kwa maelekezo yangu ya simu. Mimi! Mtu ambaye uhalifu wake mkubwa ni kuruka geti la tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, na aliteguka mguu.

Nililia haki mpaka mama akasema, "Jumamosi naenda kuona na macho yangu."

Akaja kweli, kitenge na mkoba kifuani. Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu, akamuuliza kwa Kiswidi chake cha darasa la wageni: hapa kuna gäng?

Mzee na masikio yake akasikia anachokijua, gänga. Akatabasamu. Ndiyo mama, ilitusumbua sana, lakini kijana wako ameimaliza.

Mama akashika ukuta.

Nikamvuta hadi mezani. Bastola tupu, magazini imetolewa, mwalimu akamwonyesha kikofia. Mama akakifungua mwenyewe, akaibonyeza raba, akakirudisha.

"Njo hii?"

"Njo hiyo, mama."

"Kumbe kifuniko tu."

Nikapiga mashindano yote, kikofia hakikutikisika. Nafasi niliyoshika haihusiani na uzi huu.

Mnadhani niliombwa radhi? Jumapili mama kasimama kanisani, kwa fahari, kutangaza kwamba mtoto wake amemaliza shida ya gäng kule wanakopiga bastola. Kina mama wakapiga vigelegele. Pasteur akaniita mbele, akanipa maiki nitoe ushuhuda wa kijana aliyetoka gengeni.

Nikamtazama mama. Analia kwa furaha.

Nikasema amina.

Nilichojifunza: futa mafuta, weka raba, gundi waachie wenye misumeno. Na mbele ya mama yangu hicho kitu kinaitwa kifuniko.

Mwenye dawa bora kuliko raba aimwage hapa. Na mwenye dawa ya ushuhuda ambao sikuutoa anifuate PM, maana wiki ijayo kanisa la Norsborg nao wananitaka.